Kikaratasi cha Jumba la Madirisha

Inspekta alifika Jumba la Madirisha saa nne asubuhi, akakuta barua ya kumfukuza Mama Funguo imeshachapwa. Ilikuwa juu ya meza ya Meneja wa makumbusho, imenyooshwa vizuri, ikingoja sahihi tu.

"Bodi inakutana saa kumi," Meneja alisema, huku akimvutia kiti kilichokuwa mbali na jua la dirishani. Tumpe haki yake Meneja, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni achomwe na jua. "Mwenyekiti anatia sahihi, mama yule anakabidhi funguo, anaondoka. Na kile chumba cha uani anachokaa anakiacha. Wewe nakuomba tu umchukue kituoni, aseme picha iko wapi."

"Yupo hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Amenikuta mimi, si mimi niliyemkuta... yaani, nimemkuta yeye. Unaona? Hata maneno yananichanganya. Linaniuma jambo hili."

Inspekta alitoa kijidaftari chake, akachonga penseli, akaomba aelezwe tangu mwanzo.

Jumba lile lilijengwa na mfanyabiashara wa vioo, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Vioo. Alilitia madirisha arobaini na mawili, labda kwa kutangaza biashara yake, labda kwa kuwa vioo vilimbakia. Watoto wake walipozeeka na wajukuu wakatawanyika, jumba likapewa mji, likawa makumbusho. Wanafunzi huletwa na walimu wao kutazama vitanda vya kale, na wazee huja kukaa barazani kwa sababu pana upepo mzuri na hakuna wa kuwafukuza.

Picha iliyopotea haikuwa ya mtu mkubwa. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya Mzee Vioo, mkewe na watoto wao watatu, wamesimama mbele ya mlango siku waliyohamia. Ilitundikwa pale ngazi inapopinda. Jumatatu makumbusho hufungwa. Jumanne asubuhi Meneja alipanda ngazi akakuta msumari mtupu. Aliposhuka akakuta kikaratasi kimebanwa kwenye ubao wa funguo.

"Hiki hapa," Meneja alisema.

Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyefundishwa kuandika na mwalimu mkali.

*Nimelichukua kwangu. Limechoka sana. Nitalirudisha likipona. Mama F.*

Inspekta alikisoma mara mbili.

"Ameandika 'nimelichukua'."

"Ndiyo. Amekiri kwa mkono wake."

"Picha si ingekuwa 'nimeichukua'?"

Meneja alicheka, cheko la mtu aliyekwisha kuwaza jambo hilo. "Inspekta, sisi si walimu wa sarufi. Ile ni lipicha, bwana! Kitu kikubwa, cha thamani. Watu si husema lijumba, ligari? Mimi mwenyewe hili tumbo langu naliita litumbo." Akalipiga kofi dogo.

"Inawezekana," Inspekta alisema, akaandika. "Na yeye anasemaje?"

"Anasema alichukua pazia la chumba cha juu. Nikapanda kuangalia. Pazia lipo, linaning'inia kama siku zote! Nikamshukia pale getini, mbele ya watu wote, nikamwambia wewe ni mwizi." Alitazama chini. "Nilikuwa na hasira."

Walikwenda kwanza ngazini. Ukutani, pale picha ilipokuwa, rangi ilibaki mpya, mraba safi katikati ya ukuta uliofifia. Inspekta alitoa futi akaupima. Upana wake ulikuwa wa sinia ya chai, ya watu wawili.

"Hili ndilo lipicha?"

"Basi... ukubwa wa heshima," Meneja alisema.

Inspekta akapiga magoti. Kwenye pembe ya ngazi, fagio lisipofika, palikuwa na unga kidogo wa mbao iliyoliwa na mchwa, na ndani ya unga ule kimsumari chembamba chenye kutu, kifupi kama punje ya mchele. Kilikuwa cha kushikia ubao wa nyuma wa fremu. Alikitia katika bahasha, akaandika mahali na saa.

"Fremu ilifunguka hapahapa," alisema. "Mwizi mwenye haraka hafungui fremu ngazini. Huchukua akaenda zake."

"Au ilianguka ikafunguka mikononi mwake."

"Au hivyo," Inspekta alikubali.

*

Mama Funguo alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni, uani, pete kubwa ya funguo mapajani. Alikuwa akizisugua moja moja kwa kitambaa. Hakuna aliyemwambia azisugue siku ile, lakini kama ni kuzikabidhi, alitaka azikabidhi ziking'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata au kuniuliza?"

"Kuuliza kwanza."

"Basi kaa hapa kwenye kivuli. Ungekuja kunikamata ningekuacha usimame." Akamsogezea mto wa kukalia, ule aliokuwa ameukalia mwenyewe. "Uliza."

"Ulichukua nini Jumatatu?"

"Pazia. Upindo wake ulikuwa umefumuka, na kitambaa kile kina umri kunizidi. Nilikaa nalo jioni, nikalishona. Jumanne saa kumi na mbili na nusu, ngazini kukiwa bado giza, nikalitundika, nikaenda kuchota maji. Kikaratasi nikasahau kukiondoa. Hilo ndilo kosa langu, wala silikatai."

"Kikaratasi ulimwandikia nani?"

"Redio." Redio alikuwa mwongozaji wa wageni, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. "Yeye ndiye hufungua madirisha ya juu. Nilitaka asishtuke akikuta dirisha halina nguo."

"Sasa kwa nini hukumshika mkono Meneja ukamwonyesha ulipotia sindano?"

Mama Funguo alisugua ufunguo mmoja mpaka ukawa kama kioo, ndipo akajibu.

"Aliniita mwizi kabla sijamaliza kueleza. Nikianza kukimbia huku na huku naonyesha uzi, si nitafanana na mwizi kweli? Tumekaa pamoja miaka tisa, mwanangu. Alipougua macho nilimsomea barua zake. Apande mwenyewe akaangalie vizuri."

Inspekta aliomba daftari la zamu. Mama Funguo akamletea matatu, ya miaka mitatu, yamefungwa kwa utepe, na juu yake glasi ya maji ambayo hakuombwa.

Alisoma kwa muda wa saa nzima palepale uani. Mama Funguo alikuwa ameandika kila siku, bila kuruka, hata siku za homa. *Saa ya sebuleni imesimama, nimeitia ufunguo. Kiti cha Mzee Vioo kimelegea mguu, nimekifunga. Zulia limekojolewa na paka, nimeliosha. Paka nimemfukuza, amerudi.* Inspekta alikuwa akifuata neno moja tu. Kila alipokutana na picha ya ngazini alitia alama kwenye kijidaftari chake. *Picha imefutwa vumbi. Picha ilikuwa imepinda, nimeinyoosha. Fremu ya picha inaliwa na mchwa, nimeipaka dawa.* Alama zikafika thelathini na moja. Hakuna hata mara moja iliyoandikwa "limefutwa" wala "nimelinyoosha". Na ukurasa wa Ijumaa iliyopita ulisema: *Pazia la chumba cha juu, upindo umeanza kufumuka.*

Akarudi ofisini na daftari mkononi.

"Labda kalamu iliteleza," Meneja alisema alipokwisha kusoma.

"Mara nne? Nimelichukua, limechoka, nitalirudisha, likipona. Mama huyu kwa miaka mitatu hajaikosea picha hata mara moja, aje aikosee mara nne kwenye kikaratasi kimoja? Twende, nataka kuona vitu vyote vya 'li' humu ndani."

Wakazunguka, chumba kwa chumba. Kabati lilikuwepo. Sanduku la nguo lilikuwepo. Zulia lilikuwepo, na paka juu yake. Meneja alikuwa akitaja, Inspekta akikata kwa penseli.

"Jumba," Meneja alisema.

"Nalo bado lipo," Inspekta akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakacheka.

Chumba cha juu kilikuwa na dirisha refu kuliko yote. Inspekta hakulitazama pazia kwa mbali kama alivyofanya Meneja. Alichuchumaa, akaushika upindo, akautembeza kati ya vidole viwili kama mtu anayesoma mstari. Uzi wa zamani ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mshono wake ulikuwa wa namna ya pekee: mbele moja, nyuma mara mbili, mbele moja. Kisha, kwa urefu wa dhiraa mbili hivi, uzi ukawa mweupe, mpya. Mshono ulikuwa uleule, mbele moja, nyuma mara mbili, umeigwa kwa subira kubwa ili wa kale usione aibu mbele ya mpya.

Meneja naye alichuchumaa. Ilimchukua muda kwa sababu ya tumbo. Aliuangalia uzi mweupe, akaugusa kwa kidole.

"Kikaratasi ni cha pazia," Inspekta alisema.

"Nimeona." Akainuka akishika ukuta. "Lakini Inspekta, picha haina miguu. Na funguo za nyumba nzima anazo yeye. Bodi itaniuliza, nitawaambia nini? Kwamba nimeona uzi? Kama hakuna picha, barua itatiwa sahihi. Mimi nina wakubwa zangu."

Ilikuwa saa saba kasorobo.

*

Saa nane walikuja wageni watano, mmoja wao mzee mwenye mkongojo. Inspekta alinunua tiketi kama watu wengine, akachukua kijitabu cha makumbusho, akajiunga nao nyuma.

Redio alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, mwenye koti lililopauka na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alipoona mkongojo, alianza kusimama kila baada ya ngazi tatu na kubuni jambo la kueleza, mara nakshi ya mbao, mara rangi ya ukuta, mpaka yule mzee apumue. Hakumtazama hata kidogo, asije akajiona mzigo.

"Madirisha arobaini na mawili, ndugu zangu! Mke wa Mzee Vioo alipoyaona alisema, mume wangu, umenijengea nyumba au umenianika juani?"

Wageni walicheka. Wakafika ngazi inapopinda, na Redio, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akasimama mbele ya msumari mtupu.

"Hapa pana picha. Leo imekwenda matembezini, lakini nitawapa kwa mdomo. Mzee Vioo huyu hapa, kofia mkononi. Mkewe kakunja uso, jua linampiga. Watoto watatu, mdogo hana sura kwa sababu alitikisika. Na pembeni kabisa yupo mama mmoja, utepe wa kupimia shingoni, mkono wa kushoto juu ya cherehani, amesimama utadhani nyumba ni yake."

Inspekta alifungua kijitabu. Picha ilikuwa ukurasa wa pili, imepigwa ikiwa ndani ya fremu yake. Kofia ilikuwepo. Uso uliokunjwa ulikuwepo. Mtoto asiye na sura alikuwepo. Pembeni kabisa, pale fremu ilipokata, palikuwa na kiwiko cha mtu. Kiwiko tu.

Alingoja mpaka wageni wakashuka na yule mzee akapata kiti barazani. Kisha akaketi ngazini, akapiga kofi dogo kando yake, kumwonyesha Redio pa kukaa.

"Redio, wewe huchoki kuongea?"

"Nikilala nasikia bado naongea. Marehemu mke wangu alikuwa akinijibu usingizini."

"Yule mama wa cherehani. Unamweleza wageni tangu lini?"

"Tangu... siku zote."

Inspekta alimfungulia kijitabu mapajani. "Hapa pana kiwiko. Meneja anajua kiwiko. Mama Funguo ameitaja picha ile mara thelathini na moja na hajaandika habari ya cherehani. Fremu ilimficha mama huyo. Wewe utepe wake umeuonea wapi?"

Redio alikifunga kijitabu.

"Ubao wa nyuma ulioza," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Inspekta hakuitarajia. "Nilikuja Jumatatu kupangusa kioo, nikapitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Nilipoigusa tu, ikafunguka, picha ikateleza ikatoka. Nikamwona. Yule ni bibi yangu, Inspekta. Mzaa mama."

"Ulimjuaje?"

"Kwa sura ya mama yangu. Ni yeye mtupu." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Mama alikuwa akituambia tulipokuwa wadogo, bibi yenu alilishona lile jumba. Watoto wenzetu walitucheka. Jumba hujengwa, nani anashona jumba? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Madirisha arobaini na mawili, kila moja mapazia mawili, na ya kubadilisha. Alishona miaka kumi na moja. Alilala na mwanawe kile chumba cha chini ya ngazi, pale mlipobandika kibao 'Stoo'. Mama alikuwa na miaka tisa bibi alipofariki. Hana picha yake hata moja. Ana miaka tisini sasa, na macho yamembakia kidogo upande mmoja. Nikasema nimpelekee aone, Jumanne nirudishe kabla hamjafungua."

"Jumanne hukuirudisha."

"Hakuiachia. Nikimwambia mama nairudisha, ananiambia ngoja kwanza, bado namwangalia. Halafu nikasikia Mama Funguo ameitwa mwizi. Nikasema nitasema leo. Nikasema nitasema kesho. Mimi, niliyepewa mdomo kuliko watu wote wa mji huu."

Inspekta aliandika yote, akamsomea, naye akaitikia kila sentensi kwa kichwa.

"Kuna njia mbili," alimwambia. "Nikilisema mimi, litakuwa taarifa ya polisi. Ukilisema wewe mwenyewe, mbele ya Mama Funguo, litakuwa lako. Bodi inakutana saa kumi."

Redio aliinuka. Magoti yalimlia. "Ni saa ngapi sasa?"

"Tisa na robo."

"Basi nifuate kwa karibu," alisema, "nisije nikaanza kueleza nakshi za mbao."

*

Aliyasema yote ofisini, amesimama, bila kupamba. Mama Funguo alikuwa mlangoni na pete ya funguo mkononi, maana alidhani ameitwa kukabidhi.

"Si ungeniomba!" Meneja alisema. "Ungeniomba, Redio, ningekuruhusu!"

"Niliwahi kukuambia, mwaka wako wa kwanza. Nilikuambia bibi yangu alilishona jumba hili. Ulicheka."

Meneja alikumbuka. Ilionekana usoni mwake kwamba amekumbuka, na kwamba alicheka kwa muda mrefu.

Mama Funguo akauliza, "Mama yako amemwona?"

"Amemwona, dada."

"Akasemaje?"

"Akasema, mkono ule wa kushoto ndio uliokuwa ukinichapa."

Mama Funguo alicheka, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kisha kikakatika.

"Siku mbili, Redio. Siku mbili napita getini watu wanaangalia mfuko wangu. Na wewe kila asubuhi, umeamkaje dada, umelalaje dada. Ulikuwa ukiniuliza nini?"

Redio alivuta kiti, akamsogezea; Mama Funguo hakukikalia.

Inspekta alifunga kijidaftari. Alieleza kwamba picha lazima irudi leo kabla ya jua kuzama, mbele ya mashahidi wawili, na kwamba mlalamikaji ni makumbusho, kwa hiyo Meneja ndiye wa kusema kama shauri linaendelea.

"Haliendelei," Meneja alisema. "Irudi, tuipige nakala, moja apewe mama yake Redio. Na fremu nyingine, pana, isiyomkata mtu." Akaichukua ile barua, akaichana vipande vinne, akavitia kapuni. "Mama Funguo, nisamehe sana. Tuyamalize hapahapa, wenyewe."

Mama Funguo hakuondoka mlangoni.

"Kwani uliniita mwizi ukiwa hapa?"

Meneja alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akitazama madirisha.

Basi wakatoka. Walipita baraza, wakapita ua, wakafika getini. Mlinzi alikuwepo, na wafagizi wawili, na dada wa tiketi, na wageni watano waliokuwa wakingojeana, mzee wa mkongojo akiwa mbele. Meneja alisimama katikati yao, akakohoa, akashika vifungo vya shati lake kana kwamba kimoja kimelegea.

"Juzi nilisema hapa kwamba mama huyu ni mwizi," alisema. Sauti ilikuwa chini, mlinzi akasogea asikie. Akairudia kwa nguvu zaidi. "Nilisema mama huyu ni mwizi. Si kweli. Hajaiba kitu. Alikuwa akishona pazia letu. Mimi ndiye sikuangalia. Nilikosea, na ninamwomba radhi mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mfagizi mmoja alivua kofia.

"Nimesikia, Meneja," Mama Funguo alisema. "Hilo la kusamehe nitakuambia siku yake ikifika."

Akaifunga pete ya funguo kiunoni, fundo mbili, akamgeukia Redio.

"Haya, kwenu ni njia ipi? Mzee wa miaka tisini hawezi kunyang'anywa mama yake na polisi. Nitamwomba mimi."